Kisahani cha milimita 3
Mwaka wangu wa kwanza maabara nilipoteza sampuli ya chuma, kisahani kidogo, iliyokaa miaka miwili ndani ya kinu cha nyuklia. Nilikuwa nje ya ukuta wa zege, nikichungulia kwenye kioo kinene chenye madini ya risasi huku nikiendesha mikono ya mashine. Kibano kikashika ukingoni, kisahani kikaruka, kwisha habari. Kipenyo milimita 3, unene robo milimita: sawa na kichwa cha kiberiti kilichobanwa. Tulikitafuta siku nzima.

Kwa nini tujitese na vitu vidogo hivyo? Nyutroni ikigonga atomi ya chuma huing'oa mahali pake, nayo hukumba jirani zake. Nyingi hurudi, zisizorudi huacha mapengo na vifundo vinavyokifanya chuma kiwe kigumu lakini chepesi kuvunjika, kama kigae. Kipande cha kawaida cha kupima hali hiyo, cha Charpy, ambacho huvunjwa kwa pigo la nyundo, ni milimita 10 kwa 10 kwa 55, gramu 43 hivi. Mtambo wa IFMIF-DONES, karibu na Granada, Hispania, umekusudiwa kupima vyuma vya vinu vya muunganiko, yaani vya kuunganisha viini vya atomi, lakini sehemu yake yenye nyutroni nyingi zaidi haifiki hata lita moja. Utapanga vipande vingapi humo? Halafu kipande kikubwa hutoa mionzi mingi zaidi kwa anayekishika. Kisahani changu kilikuwa na miligramu 14 tu.

Kukipima ni rahisi: unakibana ukingo, unakisukuma katikati kwa gololi ndogo mpaka kitoboke, huku ukirekodi nguvu na kina. Kwa kujua chuma kimekuwa kigumu kiasi gani, naiamini njia hii. Kwa kujua kitapasuka lini, siiamini sana. Ndani ya chuma kinene, ncha ya ufa imebanwa na chuma kilichoizunguka, haina pa kunyumbukia, hivyo ufa hukimbia. Kwenye kisahani chembamba chuma hunyumbuka kwanza, kikaonekana kigumu kupasuka kuliko kilivyo. Tena kipande kidogo kina nafasi ndogo ya kuwa na ile sehemu moja dhaifu ambako ufa huanzia.

Ndiyo maana kwa chuma cha kuta za vinu napendelea kuchukua nusu za Charpy zilizokwisha kuvunjwa na kuchonga humo vipande vya unene wa milimita 4 vyenye ufa tayari. Hesabu ya kurekebisha ukubwa ipo, na imejaribiwa. Tena vikianguka, unaviona.