Modulesheni ya amplitudo na modulesheni ya pete kwenye sinthesaiza ya moduli

Kaa mbele ya feni ya mezani useme "aaaa" bila kupandisha wala kushusha sauti. Inarudi masikioni ikitetemeka, kama mtu anayeongea akiwa ndani ya bajaji kwenye barabara ya makorongo. Mtoto yeyote aliyekulia kwenye nyumba yenye feni ameucheza mchezo huu, na bila kujua alikuwa anafanya modulesheni ya amplitudo. Panga la feni likipita mbele ya mdomo sauti inapungua, likiondoka inarudi. Feni ya mapanga matatu ikizunguka mara 20 kwa sekunde, sauti yako inapunguzwa na kurudishwa mara 60 kila sekunde. Koo lako halikubadilisha kitu. Ukubwa wa sauti ndio uliobadilika, na aliyeubadilisha si wewe.

Amplitudo ni huo ukubwa: jinsi wimbi linavyopanda na kushuka mbali na sifuri. Kumodulesha ni kuliacha wimbi moja liongozwe na jingine. Kwenye sinthesaiza ya moduli, ambayo kila kazi ina kisanduku chake na mwanamuziki ndiye anayeviunganisha kwa waya, unahitaji vitu vitatu. Osileta ya kwanza inatoa sauti itakayobadilishwa, tuiite kibebaji. Osileta ya pili ndiyo inayoamrisha, tuiite kigeuzi. Halafu pawe na mahali pa kukutania, na mara nyingi mahali hapo ni VCA, kikuza sauti kinachofunguka na kujifunga kwa kufuata volteji inayoingia. Waya wa kibebaji unaingia tundu la sauti, waya wa kigeuzi unaingia tundu la kuongozea. Basi.

Kigeuzi kikienda mara 5 au 6 kwa sekunde, unapata mtetemo unaoitwa tremolo, ambao wapiga gitaa wanaufahamu. Hapo sikio bado linaweza kufuata kila pigo. Ongeza mwendo. Kwenye mara 20 hivi kwa sekunde huwezi tena kuhesabu, na sauti inaanza kukwaruza. Endelea mpaka hezi 100, yaani mara 100 kwa sekunde, na jambo la ajabu linakuwa limeshatokea: husikii noti moja inayotetemeka, unasikia noti tatu. Kibebaji kikiwa hezi 440, utaisikia 440 yenyewe, na pamoja nayo 340 na 540. Toa 100, jumlisha 100. Hakuna osileta uliyoiweka kwenye 340, wala kwenye 540.

Zimetoka wapi? Vitabu vingi vinajibu kwa kanuni ya trigonometria, na kanuni ni sahihi, lakini kwangu mimi jambo hili lilieleweka siku nilipolikumbuka gitaa. Ukitaka kulinganisha nyuzi mbili, unazipiga pamoja na kusikiliza. Zikiwa karibu lakini bado hazijakubaliana, mathalani moja iko 440 na nyingine 443, unasikia kama noti moja inayovimba na kunywea, wawawawa, mara 3 kwa sekunde. Noti mbili thabiti zilizojumlishwa ni sawasawa na noti moja inayobadilika ukubwa. Sasa lisome jambo hilo kutoka mwisho kwenda mwanzo: noti yoyote unayoivimbisha na kuinywesha kwa mpangilio, ndani yake tayari kuna zaidi ya noti moja. Kwenye mwendo wa polepole sikio linazichanganya na kukwambia "inatetemeka". Kwenye mwendo wa haraka linazitenganisha. Wimbi ni lile lile, kilichobadilika ni namna sikio linavyolisoma.

Noti hizo mbili za jirani huitwa kanda za pembeni, na jina limetoka kwenye redio. Herufi AM kwenye redio ya nyumbani ni hiki hiki tunachokizungumzia, ila kibebaji chake kiko juu kabisa ya uwezo wa sikio, na kigeuzi ni sauti ya mtangazaji. Vituo vya mawimbi ya kati barani Afrika vimepangwa kati ya kilohezi 531 na 1602, kwa hatua za kilohezi 9. Hatua ni pana hivyo kwa sababu kila kituo kinahitaji nafasi upande wa chini na upande wa juu wa kibebaji chake, na nafasi hizo ndizo kanda za pembeni. Maneno yenyewe yanasafiri humo. Kibebaji hakina habari yoyote, ingawa hata modulesheni ikifika kilele chake, kwa kigeuzi kilicho wimbi moja safi la sini (wimbi lenye noti moja tu ndani yake), theluthi mbili za nguvu zinaishia kwake.

Wahandisi wa simu hawakuupenda ubadhirifu huo. Walitaka kupitisha mazungumzo mengi kwenye waya mmoja kwa kuyasogeza kila moja kwenye masafa yake, na kibebaji kilikuwa kinakula nguvu bure. Mwaka 1934, nchini Marekani, Frank Cowan aliomba hataza ya saketi yenye daiodi nne, vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zilizofungwa mkia kwa kichwa, zikazunguka mpaka ya mwisho ikaishika ya kwanza. Ukiuchora mchoro wake unaona duara, au almasi ukipenda. Hiyo ndiyo pete ya modulesheni ya pete, na jina halihusiani na kengele wala mlio wa simu, ingawa matokeo yake mara nyingi hulia kama kengele na kuwapoteza watu. Saketi ile inapokea mawimbi mawili na kutoa jumla na tofauti tu. Weka 440 na 100, utapata 340 na 540. Ile 440 haipo. Hiyo 100 nayo haipo.

Hapa ndipo maelezo mengi yanapoacha AM na pete zionekane kama vifaa viwili vya koo tofauti. Si hivyo. Vyote viwili vinazidisha wimbi kwa wimbi. Tofauti ni mahali kigeuzi kinapokaa ukilinganisha na sifuri.

Fikiria VCA. Volteji ya kuongozea ikiwa sifuri, mlango umefungwa. Ikiwa volti 5, mlango uko wazi kiasi fulani. Ikiwa chini ya sifuri, mlango unabaki umefungwa tu, kwa sababu hakuna mlango uliofungwa zaidi ya kufungwa. Kwa hiyo ili AM itoke safi, kigeuzi lazima kibebwe juu ya sifuri: wimbi linalopanda na kushuka kati ya volti 5 na hasi 5 unaliongezea volti 5 za kudumu, sasa linacheza kati ya 0 na 10. Volteji hiyo ya kudumu huitwa ofseti, na ndiyo inayopitisha kibebaji.

Moduli ya pete haina mlango wa namna hiyo. Kigeuzi kikishuka chini ya sifuri, kibebaji kinatoka kimegeuzwa kichwa chini: palipokuwa na kilima sasa pana bonde. Katika kila mzunguko mmoja kibebaji kinatumia nusu ya muda kikiwa wima na nusu kikiwa kimepinduliwa, na hizo nusu mbili zinafutana. Kibebaji kinajiua chenyewe, zinabaki kanda za pembeni. Ukikipa kigeuzi kile kile ofseti kabla hakijaingia kwenye moduli ya pete, kibebaji kinafufuka na umepata AM. Ofseti ndogo, kibebaji kidogo. Ofseti kubwa, kibebaji kingi. Kwa hiyo kati ya majina haya mawili kuna kitufe kimoja cha kuzungusha, na hakuna mpaka wowote katikati, ni mteremko.

Kuna kosa ambalo karibu kila anayeanza hulifanya, na wengine hulipenda wakabaki nalo: kuchomeka osileta moja kwa moja kwenye VCA bila ofseti. Nusu ya chini ya kigeuzi inakatwa. Kigeuzi kilichokatwa hivyo si tena wimbi la sini. Kina 100, na pia 200 na 400 na kuendelea, na kila mojawapo inazaa jozi yake pembeni mwa kibebaji. Sauti inakuwa chafu zaidi kuliko hesabu uliyoipiga. Hakuna kilichoharibika. Vivyo hivyo ukiacha VCA kwenye mkunjo wa eksponensha, unaopanda polepole kisha kwa kasi, badala ya ule ulionyooka.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kila wimbi lina noti moja ndani yake. Mawimbi mengi hayako hivyo. Wimbi la msumeno lina hamoniki nyingi, yaani noti za juu zilizo mara mbili, mara tatu na kuendelea ya noti ya msingi, na moduli ya pete inaikutanisha kila hamoniki ya upande mmoja na kila hamoniki ya upande mwingine. Ukihesabu 10 tu za kwanza kila upande, una jozi 100, noti 200. Ndiyo maana ninamshauri anayejifunza aanze na sini kwa sini, asikie noti mbili kwa masikio yake, kisha abadilishe upande mmoja tu uwe msumeno au mraba. Wanaoanza na msumeno kwa msumeno husikia kelele, wakaandika kwamba moduli haina muziki.

Muziki uko kwenye uwiano. Chukua 200 na 300: tofauti ni 100, jumla ni 500. Zote mbili ni hamoniki za 100, kwa hiyo sikio linasikia noti moja nzito yenye msingi wa 100, ambayo hukuipiga. Chukua wimbi moja uliingize pande zote mbili, 440 kwa 440: jumla ni 880, oktava moja juu, na tofauti ni sifuri, yaani volteji iliyosimama ambayo moduli nyingi huichuja isifike kwenye spika. Sasa sogeza osileta moja ili uwiano usiwe wa namba nzima, 200 kwa 283 kwa mfano. Unapata 83 na 483, noti mbili zisizo na mzazi mmoja. Ongeza pigo kali mwanzoni na mfifio mrefu, una kengele, au bati, au sufuria iliyodondoka sakafuni.

Mtunzi wa Kijerumani Karlheinz Stockhausen aliujengea uwiano huu kazi nzima, Mantra ya mwaka 1970, kwa piano mbili zinazopita kwenye moduli za pete zenye sini. Mpiga piano akigusa noti iliyo sawa na sini, sauti inatulia. Akienda mbali nayo, piano inageuka chuma. Nchini Uingereza miaka saba kabla, Brian Hodgson wa BBC Radiophonic Workshop, studio ya BBC ya sauti za kielektroniki, aliipitisha sauti ya mwigizaji pamoja na wimbi la hezi 30, na hivyo ndivyo Dalek, maadui wa tamthilia ya televisheni Doctor Who, walivyopata sauti yao. Hesabu yake ni fupi: koo linalotoa 130, 260 na 390 linageuka 100, 160, 230, 290, 360 na 420. Maneno bado yanaeleweka, kwa kuwa umbo la mdomo limebaki, ila mpangilio ule wa hamoniki unaolitambulisha koo la binadamu umevunjika.

Kwa anayepiga melodi, uwiano una gharama. Ukipeleka volteji ya kinanda kwenye kibebaji peke yake, kila noti inabadilisha uwiano na kwa hiyo inabadilisha rangi ya sauti. Ile 200 kwa 300 ukiipandisha kibebaji oktava moja inakuwa 400 kwa 300, unapata 100 na 700: umepanda, na msingi haukupanda. Peleka volteji ile ile kwenye osileta zote mbili, nazo ziwe zimepimwa vizuri kwa volti moja kwa oktava, na 400 kwa 600 itakupa 200 na 1000, rangi ile ile oktava moja juu. Mimi hupenda ile ya kwanza kwa midundo na ya pili kwa nyimbo.

Moduli za leo nyingi hazina daiodi. Zina chipu ya kuzidisha, na AD633 ni mojawapo inayotumika sana. Inazidisha volteji mbili na kugawanya kwa 10, hivyo volti 5 kwa volti 5 inatoa 2.5 tu, na asiyejua hudhani moduli yake ni mbovu kwa kuwa sauti imepungua. Chipu inazidisha kwa usahihi. Daiodi hazizidishi kwa usahihi: zinahitaji volteji kidogo kabla hazijafunguka, kama 0.3 kwa zile za jerimaniamu na 0.6 hivi kwa za silikoni, kwa hiyo sauti ndogo zinamezwa na kubwa zinapata kingo kali. Na daiodi zisipolingana, kibebaji kinavuja. Pete yangu ya kwanza, niliyoinunua ikiwa imetumika, ilivuja kiasi kwamba nikinyamaza kupiga nilisikia mnong'ono wa osileta, na nilikwenda kuzima jokofu mara mbili kabla sijamjua mwizi ni nani.

Anayetaka kujaribu bila kutoa shilingi anaweza kutumia VCV Rack, programu ya bure ya sinthesaiza ya moduli, na ndani yake moduli ya Befaco iitwayo A*B+C, ambayo inafanya kilichoandikwa kwenye jina. Weka osileta ya sini ya 440 kwenye A, nyingine ya 100 kwenye B, na C usiipe kitu. Hiyo ni pete. Sasa chukua waya wa pili kutoka kwenye ile osileta ya 440 uuchomeke kwenye C, kitufe chake kikiwa sifuri, ukizungushe taratibu. Katikati ya 340 na 540 utaisikia 440 ikirudi.