Umeme wa pikipiki kuukuu: pima kwanza, CDI baadaye

Pikipiki ya muundo wa CG ikifika miaka minane au kumi barabarani, umeme wake huanza visa. Honi inakohoa ukikanyaga breki, indiketa zinawaka bila kupepesa, selfu inalia "ka!" mara moja kisha kimya, na siku ya mvua moto unakata njiani. Wengi hukimbilia dukani: CDI mpya (kisanduku kinachoongoza cheche ya plagi), kisha koili, kisha regulata, kisha betri. Vyote vinne vimebadilishwa na ugonjwa uko palepale, kwa sababu ulikuwa kwenye boliti moja yenye kutu chini ya tenki.

Ninazungumzia hasa pikipiki za Kichina za cc 125 na 150 zilizojaa kwenye vijiwe vya bodaboda. Asili yake ni Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, na nyingi zimerithi hata rangi za nyaya. Kijani ni athi, yaani waya wa bodi. Chekundu hutoka chanya ya betri, cheusi ni umeme uliokwisha kupita kwenye swichi ya ufunguo, njano ni umeme wa taa kutoka kwenye magneti (kizalisha umeme kinachozungushwa na injini), na cheusi chenye mstari mweupe ni waya wa kuzimia injini. Bajaj ana mpangilio wake mwingine, kwa hiyo usizihamishe rangi hizi huko. Na kama pikipiki imeshapita mikononi mwa mafundi watano, usiamini rangi yoyote mpaka uifuate kwa mita toka mwanzo hadi mwisho.

Kabla ya kugusa chochote, elewa kwamba pikipiki hizi nyingi zina umeme wa aina mbili usiokutana sana. Moto wa plagi una koili yake ndani ya magneti, inayolisha CDI moja kwa moja, betri haihusiki. Betri inalisha honi, indiketa, taa ya breki na selfu. Kujua kama yako ni ya aina hiyo, toa fyuzi, washa ufunguo, piga kiki. Ikiwaka, CDI inakula kwenye magneti, na fundi atakayekuambia moto umekatika kwa sababu betri imekufa anakupotosha. Usiiache ikinguruma kwa resi kubwa bila betri, maana volti hupanda na kuunguza balbu. Isipowaka, huenda CDI yako inategemea betri, na hapo betri dhaifu kweli inaweza kukata moto.

Taa ya mbele nayo ina fumbo lake. Washa ufunguo bila kuwasha injini, kisha washa taa. Isipowaka kabisa, basi inalishwa na waya wa njano wa magneti. Taa ya namna hiyo hufifia injini ikiwa silensa (ikizunguka polepole bila kuvuta mafuta) na kung'aa ukivuta mafuta. Hivyo ndivyo ilivyoundwa, hakuna cha kutengeneza hapo.

Vifaa havihitaji gharama kubwa. Mita ya kawaida ya dijitali inatosha, pamoja na msasa laini, plaizi, vaseline kidogo, na kitu ambacho mimi nakithamini kuliko mita yenyewe: balbu ya breki ya wati 21 iliyofungwa nyaya mbili zenye vibanio. Kazi yake utaiona.

Anza na betri, kwa kuwa kila kipimo kingine kinaitegemea. Iache itulie saa kadhaa bila chaji wala mzigo, kisha pima. Volti 12.6 hadi 12.8 imejaa, 12.4 ina kama robo tatu, 12.0 karibu imekwisha. Kisha bonyeza selfu ukiangalia mita: ikishuka chini ya 9.6 hivi, betri haibebi mzigo hata kama ilisoma vizuri ilipotulia. Betri ya 7Ah (ampea-saa 7) huchajiwa kwa ampea 0.7, saa kumi hivi. Chaja ya gari inayosukuma ampea 5 itaichemsha na kupinda sahani zake. Ikiwa ni ya maji, ongeza maji yaliyokenekwa tu hadi mstari wa juu. Tindikali haipungui kwa kuchemka, maji ndiyo yanayoondoka. Ukiongeza tindikali unaiua.

Sasa chaji. Injini ikiwa inanguruma kwa mizunguko kama 4,000, pima kwenye vichwa vya betri. Kati ya 13.5 na 14.8 ni salama. Ikibaki 12 na kitu, chaji haifiki. Ikivuka 15, regulata haizuii, au athi yake imelegea. Regulata ya pikipiki hizi mara nyingi ina nyaya nne: cheupe na njano kutoka kwenye magneti, chekundu kwenda betri, kijani kwenda bodi. Ina kazi ya kupeleka volti za ziada kwenye bodi, kwa hiyo kijani kikilegea haina pa kuzitupa. Balbu za mbele zinazoungua kila wiki zinakuonyesha waya huo. Usibadilishe regulata kabla ya kuufuata hadi kwenye boliti yake.

Chaji ikikosekana, chomoa soketi ya magneti na upime omu kati ya cheupe na bodi, kisha njano na bodi. Gusanisha kwanza ncha za mita uone zenyewe zinasoma ngapi, halafu toa kiasi hicho. Jibu linapaswa kuwa dogo, mara nyingi chini ya omu 2. Ikisoma wazi, yaani mita haioni njia kabisa, koili imekatika. Kama magneti yako ina nyaya tatu za njano, ni ya aina nyingine: pima kila jozi, zote tatu zilingane, na hakuna hata mmoja unaopaswa kugusa bodi. Angalia pia soketi yenyewe. Ya plastiki nyeupe iliyogeuka kahawia imekuwa ikiungua polepole, na pini ndani yake imepoteza mkazo. Kuichomeka kwa nguvu hakurudishi mkazo huo. Kata, weka soketi mpya.

Kinachopoteza fedha nyingi ni upimaji wa volti bila mzigo. Waya wenye nyuzi ishirini za shaba ukikatika kumi na tisa, ule uzi mmoja uliobaki utakupa volti 12 kamili kwenye mita, kwa sababu mita haivuti kitu. Ukiwasha balbu ya wati 21 inayotaka karibu ampea 1.8, uzi huo unashindwa. Fundi anaona 12, anasema "umeme unafika", anahukumu honi imekufa. Umeme upimwe ukiwa kazini.

Namna yake ni hii. Washa ufunguo, mtu akanyage breki na kubonyeza honi. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, kile cha risasi chenyewe wala si boliti yake, na ncha nyekundu kwenye chuma cha injini. Unachosoma ni volti zinazopotea njiani. Ikiwa chini ya 0.2, athi ni nzima. Ikisoma 0.8 au 1.5, umeupata ugonjwa bila kufungua kitu. Rudia kwenye fremu, kwenye kiota cha taa ya nyuma, kwenye honi. Upande wa chanya ni vilevile: ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye waya unaoingia kwenye taa ya breki, breki ikiwa imekanyagwa. Jumla ya 0.5 navumilia kwa pikipiki kuukuu. Ikizidi, sogeza ncha hatua kwa hatua: kabla ya fyuzi, baada ya fyuzi, kabla ya swichi ya ufunguo, baada yake. Pale namba inaporuka ndipo pa kusafisha.

Athi mbovu ina dalili zake ambazo huwachanganya watu. Ukikanyaga breki, indiketa zinafifia pamoja. Ukiwasha indiketa ya kulia, taa ndogo ya nyuma inacheza. Umeme umekosa njia ya kurudi, sasa unapitia balbu ya jirani. Fungua boliti ya athi kwenye fremu, sugua rangi na kutu kwa msasa hadi chuma king'ae, sugua na kiota cha waya, kaza, ndipo upake vaseline juu. Ukipaka kabla ya kusugua umefunga uchafu ndani. Wanaofanya kazi Tanga, Mombasa au popote penye upepo wa chumvi warudie kila baada ya masika. Na wale wa kuosha kwa mashine ya presha waambiwe waziwazi wasielekeze bomba chini ya siti.

Selfu inayolia "ka!" ipimwe hivyohivyo huku umebonyeza: kati ya boliti mbili nene za rilei (swichi inayopeleka umeme mkubwa kwenye selfu) isizidi volti 0.3. Ikizidi, sahani za ndani zimeungua.

Fyuzi inayokatika ovyo ndipo ile balbu ya wati 21 inapolipa. Watu hufunga karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi, kisha wanashangaa nyaya zote zimeyeyukiana. Badala yake, toa fyuzi, bana balbu kwenye ncha mbili za kiota chake. Penye shoti balbu itawaka kwa nguvu zote na waya hautaungua, kwa kuwa balbu yenyewe inazuia. Acha ufunguo umewashwa, zima kila swichi nyingine, kisha anza kukunja usukani kushoto na kulia, tikisa bunda la nyaya shingoni, chini ya tenki penye vibanio vya chuma, ndani ya bakuli la taa, na pale nyaya zinapopita juu ya matigadi ya nyuma. Ikififia ghafla mkono wako ukiwa mahali, hapo pana waya uliochunwa. Shoti ikitokea ukikanyaga breki tu, usihangaike na shingo, nenda kwenye taa ya nyuma. Fyuzi mpya iwe ya kiasi kilichoandikwa kwenye kiota, mara nyingi ampea 10 au 15.

Moto wa plagi ukikosekana, chomoa waya wa kuzimia, ule mweusi wenye mstari mweupe, kwenye CDI. Kwenye CDI ya magneti waya huu huzima injini kwa kugusa bodi. Ukichunika popote njiani, au maji yakiingia kwenye swichi, injini imezimwa bila wewe kujua. Laza plagi juu ya chuma cha injini, mbali na petroli, piga kiki. Cheche ikirudi, CDI yako ni nzima. Jua tu kwamba ufunguo sasa hauzimi injini. Kuizima, ingiza gia ya nne, shika breki, achia klachi taratibu.

Cheche isiporudi, pima koili ndogo iliyo nje ya sumaku, yenye waya wa bluu na nyeupe: nyingi huwa kati ya omu 100 na 250. Koili ya kulisha CDI, cheusi na nyekundu, huwa na omu mia kadhaa. Pikipiki inayozima ikipata joto na kuwaka baada ya kupumzika nusu saa ipimwe ikiwa ya moto, palepale ilipozima, kwa sababu waya uliokatika ndani hushikana tena ukipoa. Kofia ya plagi mara nyingi ina omu 5,000. Ikisoma wazi, itupe. Kofia iliyopasuka ndiyo inayokata moto wakati wa mvua. Nafasi ya plagi ni milimita 0.6 hadi 0.7. Ukishapita yote hayo na athi ya CDI ni safi, sasa kanunue CDI.

Kuunganisha waya: chuna sentimita moja na nusu kila upande, ingiza mpira wa kubana kwa joto kwanza (kila fundi amewahi kuusahau), sokota nyuzi kwa kuingiliana, lehemu kwa risasi kidogo, funika. Risasi huufanya waya kuwa mgumu, na mtikisiko huukata pale ugumu unapoishia, kwa hiyo funga kiungo kwenye bunda kisining'inie. Tepu peke yake juu ya nyaya zilizosokotwa huyeyuka gundi kwa joto la injini, na baada ya miezi michache unabaki na utelezi mweusi na waya mtupu.

Mwisho, betri inayokwisha usiku pikipiki imezimwa. Weka mita kwenye ampea 10, chomoa waya hasi wa betri, unganisha mita kati ya waya huo na kichwa cha betri, ufunguo ukiwa umezimwa. Usiguse selfu, utaunguza mita. Ikisoma sifuri, shuka kwenye miliampea. Pikipiki isiyo na saa wala alamu haipaswi kula hata miliampea 2. Ikila 50, betri ya 7Ah iliyojaa itakauka kwa saa 140, siku sita hivi. Chomoa kwanza redio na chaja ya simu, ambazo mara nyingi zimefungwa moja kwa moja kwenye betri. Namba isiposhuka, chomoa soketi ya regulata. Ikishuka hapo hadi sifuri, diodi ndani yake (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) inavujisha umeme kurudi kwenye magneti, na hiyo regulata haina matengenezo.