Kwa nini moto wa gesi hulegea asubuhi ya Julai?

Saa 11 alfajiri, Nairobi, mwezi wa Julai. Baridi iko nyuzi 10 hivi. Unawasha meko uchemshe chai kabla watoto hawajaamka, na moto unatoka kinyonge, kama mshumaa. Unautikisa mtungi: maji yanacheza ndani. Gesi ipo, basi mbona haitoki?

Hayo "maji" ndiyo gesi yenyewe. Ni propani na butani, zilizoshindiliwa hadi zikawa kimiminika. Humo mtungini huchemka taratibu, na mvuke wake ndio unaowaka. Ila hazichemki sawa. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo baridi ya Nairobi haiitishi hata kidogo. Butani huchemkia karibu na sifuri kabisa. Hiyo ndiyo mvivu.

Tena kuchemka kunakula joto. Injika githeri saa mbili mfululizo kisha uguse mtungi: unatoa jasho, baridi kama soda ya friji. Na kwa kuwa propani hukimbilia kutoka kwanza, siku za mwisho kinachobaki ni butani kwa wingi. Mtungi wa kilo 6 unaoelekea kuisha, uliolala juu ya sakafu ya simiti usiku kucha, utawakaje vizuri?

Wengine huulaza ubavu ili "itoke yote". Tafadhali, usithubutu. Kimiminika kikipenya hadi kwenye regyuleta, kila tone hugeuka mvuke zaidi ya mara 200 ya ujazo wake, na moto utakurukia usoni. Zima, uache mtungi usimame upate joto la chumba.

Gesi ya samadi ni habari nyingine. Kibera kuna vyoo vya umma ambavyo kinyesi chake huzalisha methani ya kupikia. Hii huwezi kuijaza kwenye mtungi wa meko ikawa maji: bila kuipoza chini ya nyuzi 82 chini ya sifuri, ishindilie utakavyo, itabaki hewa. Ndiyo maana hupitishwa kwa paipu hadi jikoni palepale.

Methani ni nyepesi, ikivuja hupanda darini. Propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, butani mara mbili. Hizi hutambaa sakafuni. Ukinusa ile harufu (hutiwa makusudi, gesi yenyewe hainuki), usiguse swichi ya taa. Funga mtungi, na usitegemee kidirisha cha juu peke yake: fungua mlango.