Ufikiaji wa mapema si kutoka mapema

Wiki hii nimesoma tena lalamiko kwamba gemu ya Path of Exile 2 "ilitoka ikiwa nusu". Nimelisikia mara nyingi mno, na kila mara naishia kwenye kitenzi kile kimoja. Desemba 6, 2024 gemu ile haikutoka. Ilifunguliwa kwa ufikiaji wa mapema, na hayo ni mambo mawili.

Ufikiaji wa mapema, au early access kama wachezaji wengi wanavyouita, ni mpango wa mtengenezaji kuuza gemu kabla hajaimaliza, ili mnunuzi aicheze huku inaendelea kujengwa na maoni yake yasaidie kuijenga. Basi. Steam, duka la gemu la mtandaoni, iliuanzisha rasmi Machi 2013, ingawa Minecraft ilikuwa imeanza kuuzwa kwa namna hiyo tangu 2009.

Vurugu inaanzia kwenye neno "mapema". Watu wanalibandika kwenye gemu, kana kwamba gemu ndiyo iliyowahi. Litazameni neno lenyewe. Ufikiaji unatokana na kufikia, na kufikia kunatokana na kufika. Anayefika ni mtu. Tunasema mgeni amefikia kwa shangazi yake, yaani huko ndiko alikotua mzigo wake. Nyumba ya shangazi haikwenda popote. Kiingereza nacho kimelichukua neno lake kutoka Kilatini, accedere, kusogea karibu na kitu. Kwa njia zote mbili, anayetembea ni mtu, si kitu anachokiendea. Kwa hiyo aliyewahi ni wewe mchezaji. Umefika fundi akiwa bado juu ya ngazi, plasta haijakauka, na chumba cha nyuma hakina mlango.

Kutoka ni siku nyingine kabisa. Gemu hutoka pale mtengenezaji anapoipa namba 1.0 na kusema hii ndiyo kazi yangu, nihukumuni. Kati ya siku hizo mbili miaka inaweza kupita. Baldur's Gate 3 ilifunguliwa Oktoba 6, 2020 na ikatoka Agosti 3, 2023. Ilipofunguliwa kulikuwa na sehemu ya kwanza tu kati ya tatu, na mhusika wako alikwama kwenye leveli ya 4. Ilipotoka aliweza kufika ya 12.

Tena, hata kile kilichokuwepo mwanzoni hakikubaki kama kilivyokuwa. Mchukueni Wyll, mhusika wa gemu hiyo, yule mpiganaji mwenye jicho la jiwe. Waliokutana naye 2020 wengi walimwona amepooza, wakaandika hivyo. Larian, watengenezaji wa gemu hiyo, wakaiandika upya hadithi yake na kumpa mwigizaji mwingine wa sauti. Karlach, mhusika mwingine, ulikuwa ukimkuta njiani lakini huwezi kumchukua kwenye msafara wako. Leo kuna watu ambao hawawezi kuuwaza msafara bila yeye. Mtu akikuletea maoni ya 2020 kuhusu Wyll, anakusimulia habari za mtu ambaye hutakutana naye. Maoni yake hayakuwa ya uongo, na huenda ndiyo yaliyomwondoa Wyll yule. Ila kazi yake imekwisha.

Nakubali kwamba pesa ndiyo inayochanganya. Baldur's Gate 3 iliuzwa karibu dola 60 tangu siku ya kwanza, bei ya gemu nzima. Aliyelipa kamili anahisi amenunua kitu kamili, na simlaumu kwa kuhisi hivyo. Path of Exile 2 walianza na dola 30, kwa gemu waliyoahidi kwamba ikitoka itachezwa bure. Hapo kinacholipiwa ni kule kuwahi kwenyewe. Na ukurasa wa Steam wa gemu yoyote ya namna hii unamwambia mnunuzi wazi kwamba gemu haijakamilika, huenda ikabadilika na huenda isibadilike, na kama hali yake ya sasa haikuvutii, usubiri. Sijui maneno mengine dukani yaliyo wazi kuliko hayo, wala yanayorukwa zaidi.

Kuna wanaoiita beta. Beta ni herufi ya pili ya Kigiriki, na katika utengenezaji wa programu ni hatua ya pili ya majaribio, baada ya alfa: vitu karibu vyote vimeshawekwa, zinatafutwa hitilafu. Gemu iliyofunguliwa ikiwa na sehemu 3 kati ya 6 na aina 6 za wahusika kati ya 12 zilizokusudiwa, kama Path of Exile 2, iko mbali na beta. Demo nayo ni ya kuonja tu, kwa kawaida bure.

Lakini mkanganyiko unaoniuma kweli ni ule ulioletwa na wauzaji wenyewe. Mwaka 2023, walionunua matoleo ya bei ya juu ya Diablo IV waliruhusiwa kuingia siku 4 kabla ya wengine, na hilo nalo likaitwa early access. Pale hapakuwa na ujenzi wa kusubiri. Gemu ilikuwa tayari, kilichouzwa ni nafasi ya mbele kwenye foleni. Steam wenyewe waliona utata huo, na Aprili 2024 wakaupa utaratibu huo jina lake, Advanced Access, huku wakisema saa unazocheza humo zinahesabiwa kwenye zile 2 ambazo ukizipita huruhusiwi kuomba kurudishiwa pesa. Jina hilo bahati mbaya halijashika midomoni mwa watu.

Mkanganyiko huu unayaharibu maoni ya pande zote mbili. Wako wanaohukumu msingi kana kwamba ni paa, na wako wanaojibu kila lalamiko kwa "bado ni early access", kana kwamba maneno hayo yanafuta kosa. Hawa wa pili wamekosea zaidi, kwa maoni yangu. Lalamiko ndilo lililoitiwa watu. Aprili 2025 sasisho la Dawn of the Hunt lilipoifanya Path of Exile 2 iwe ngumu na ya polepole, wachezaji walipiga kelele, na marekebisho yakafuata moja baada ya jingine. Agosti mwaka huohuo ikaongezwa sehemu ya nne, na ule utaratibu wa kurudia sehemu tatu za mwanzo kwa ugumu zaidi ukaondolewa. Wangenyamaza kwa heshima ya neno "mapema", marekebisho yale yangeletwa kwa ushahidi gani?

Ndiyo maana sitaki aliyeandika kwamba gemu ilitoka ikiwa nusu afute alichoandika. Nusu ilikuwa nusu kweli. Namwomba abadilishe kitenzi, aseme ilifunguliwa, kisha aweke pembeni namba ya sasisho alilolicheza. Atakayeyasoma mwakani atajua ni gemu ipi iliyokuwa ikizungumzwa.