Je, Wajua Kwa Nini Wahusika wa Hadithi Hawazungumzi Kama Sisi?

Ukirekodi watu wawili wakizungumza kwa dakika tano, kisha ukayaandika maneno yao yote bila kuacha hata mguno, utapata kurasa ambazo ni wachache watakaozisoma hadi mwisho. Humo mtakuwa na sentensi zilizokatikia njiani, "yaani" zisizohesabika, jambo moja lililorudiwa mara tatu na watu wanaodakizana. Wahusika wa hadithi, kinyume chake, hutamka kauli fupi zilizochongwa ambazo ni nadra kuzisikia maishani, nasi huziamini kabisa.

Chanzo kimojawapo cha tofauti hiyo ni kasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliochunguza majibu ya maswali ya ndiyo au hapana katika lugha 10, ulionyesha kwamba pengo kati ya swali na jibu ni la wastani wa takriban milisekunde 200, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Kwa kasi hiyo, mtu hulazimika kuanza kupanga jibu kabla mwenzake hajanyamaza, kwa hiyo hujikwaa, na sikio humsamehe kwa kuwa linasaidiwa na uso, mikono na kiimbo. Msomaji hana msaada huo. Ana maneno matupu mbele yake, na kila neno analolikuta hulichukulia kuwa limewekwa kwa makusudi.

Makusudi hayo ndiyo hazina ya mwandishi. Katika makala yake ya mwaka 1975 kuhusu mantiki na mazungumzo, mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice alieleza kwamba wazungumzaji hutarajiana kusema kweli, kwa kiasi kinachohitajika, kwa uwazi na bila kutoka nje ya mada. Mmoja anapokiuka matarajio hayo waziwazi, mwenzake hamdhanii kuwa amechanganyikiwa, bali hutafuta maana ambayo haikutamkwa. Tumchukue kijana aliyeuza baiskeli ya marehemu baba yake ili alipe deni. Mwandishi anayeogopa kutoeleweka ataandika hivi:

"Mama, kama unavyojua, baba alituachia baiskeli alipofariki miaka mitatu iliyopita, nami leo nimeiuza kwa sababu nadaiwa."

Hakuna anayemsimulia mama yake jambo ambalo mama mwenyewe analijua kuliko yeye. Kauli hiyo inamlenga msomaji, naye huhisi mara moja kwamba kijana amegeuzwa kipaza sauti cha mwandishi. Sasa tuiandike upya:

"Baiskeli iko wapi, mwanangu?"
"Mvua imeninyeshea njia nzima, mama."
"Nimekuuliza baiskeli."
"Naomba taulo kwanza."

Hakuna aliyetaja kuuza, lakini msomaji ameshajua kwamba baiskeli haipo, na kwa kuwa amelifikia jambo hilo mwenyewe, hulishika kwa nguvu kuliko kama angeambiwa. Deni na kifo cha baba vinaweza kusubiri. Binafsi naona kwamba mazungumzo mengi yanayochosha vitabuni huchosha kwa sababu hii moja: kila anayeulizwa hujibu swali lile lile aliloulizwa, kikamilifu, kana kwamba yuko kizimbani.

Kiswahili kina ugumu wake hapa, kwa kuwa kiambishi "a-" hakitofautishi mwanamume na mwanamke. Mume na mke wanapobishana, "alisema" peke yake haimtambulishi msemaji, na ndiyo maana waandishi wengi hurundika majina, au vitenzi kama "alifoka" na "alinong'ona" baada ya kila kauli. Vitenzi hivyo vina mahali pake, ila vikizidi humwonyesha mwandishi akimsukuma msomaji. Lugha yetu ina njia iliyo bora zaidi, nayo ni namna watu wanavyoitana. Katika mfano wetu, "mwanangu" na "mama" yanatosha kutuonyesha nani anasema na nani, bila "alisema" hata moja. Tena mama alianza na "mwanangu", na alipouliza mara ya pili neno hilo halikuwepo. Kama angeuliza mara ya tatu, angeweza kusema tu, "Wewe, baiskeli iko wapi?", na mwandishi asingehitaji kuongeza kwamba alikuwa amekasirika.