Uwakilishi katika tamthilia iliyofufuliwa: mfano wa S.W.A.T.

Uwakilishi, tukizungumzia filamu na televisheni, ni namna kundi fulani la watu linavyoonyeshwa kwenye skrini: nani yumo, anafanya nini, na neno la mwisho ni la nani. Wengi huishia hapo kwenye "nani yumo". Mweusi yupo, mwanamke yupo, basi yameisha. Bado. Tamthilia iliyofufuliwa inalionyesha hilo vizuri, kwa sababu toleo la zamani lipo la kulinganishia.

Chukua S.W.A.T. ya Marekani, inayohusu kikosi maalumu cha polisi. Ile ya mwaka 1975 ilikuwa na Mweusi tayari: Deacon, aliyeigizwa na Rod Perry. Ila mkuu wa kikosi, Hondo, alikuwa Mzungu, Steve Forrest. Kituo cha televisheni cha CBS kilipoirudisha 2017, safari hii ikiwa Los Angeles, majina yalibaki, watu wakabadilishana rangi. Hondo sasa ni Shemar Moore, Mweusi. Deacon ni Jay Harrington, Mzungu.

Ukihesabu sura za hao wawili, hakuna kilichoongezeka. Kilichohama ni amri, na siasa imeingilia palepale ilipohamia. Katika sehemu ya kwanza ya toleo jipya kiongozi Mzungu anampiga risasi kimakosa kijana Mweusi asiye na silaha. Anafukuzwa, na Hondo, mtoto wa mitaa ya kusini mwa jiji, anarushwa juu ya Deacon ambaye zamu ilikuwa yake. Je, kapewa cheo kwa uwezo wake, au kawekwa mbele ili wananchi watulie? Mtu anayewekwa ili aonekane tu, bila uwezo wa kugeuza chochote, ni danganya toto, na hadithi inamtwisha stelingi wake shaka hiyohiyo tangu mwanzo. Nadhani ndilo jambo lake la kijasiri kuliko yote. Mmoja wa waliobuni toleo hili, Aaron Rahsaan Thomas, ni Mweusi. Uwakilishi huanzia pia mezani kwa waandishi.

Uzito wa cheo hicho unatokana na historia. Kikosi halisi kiliundwa 1967, na kazi yake kubwa ya kwanza, Desemba 1969, ilikuwa kuvamia ofisi ya Black Panther, chama cha Weusi. Mwaka 1992 mahakama iliwaachia polisi waliompiga Rodney King, dereva Mweusi, jiji likawaka moto, watu zaidi ya 60 wakafa. Msimu wa nne, ulioanza 2020, unazirudia siku hizo kupitia Hondo akiwa kijana, pamoja na baba yake.

Hata hivyo hii ni tamthilia ya mapambano, na mhalifu sharti akamatwe kabla saa haijaisha. Kwa hiyo ubaguzi nao mara nyingi hupewa sura ya askari mmoja mbaya, kwa kuwa huyo anaweza kuvuliwa beji. Bajeti, sheria na amri za kutoka juu hazina beji ya kuvuliwa.