Mafuta ya transi ni nini, na kwa nini mgahawa ulazimishwe kuyaacha

Mafuta ya transi yako ya aina mbili. Kuna ya asili, yanayotokea tumboni mwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, ndiyo maana samli, maziwa na nyama vinayo kidogo. Yanayozua mjadala ni ya kiwandani: mafuta ya maji ya mimea hupashwa moto na kupitishiwa gesi ya hidrojeni, nikeli ikichochea kazi. Ugandishaji huo ukiishia nusu, mafuta huwa laini kama siagi, lakini sehemu ya molekuli zake zilizokuwa zimepinda hunyooka. Hizo ndizo transi. Ukikamilishwa, mafuta huwa magumu kama nta na transi karibu haipo.

Mwilini transi hupandisha lehemu (kolesteroli) mbaya na papo hapo hushusha ile nzuri, hivyo moyo unapigwa pande mbili. Shirika la Afya Duniani linataka transi isizidi asilimia 1 ya nishati ya chakula cha siku, yaani gramu 2.2 kwa mtu anayekula kilokalori 2,000. Chukua andazi lililonyonya gramu 8 za mafuta yenye transi asilimia 20: hapo pana gramu 1.6. Mawili ya chai ya asubuhi yameshapita kiwango cha siku nzima.

Wengi hudhani mafuta mabaya ni yale meusi yaliyokaangia chipsi tangu juzi. Hayo yana madhara yake, lakini kukaanga huzalisha transi kidogo sana. Nyingi huingia jikoni zikiwa tayari ndani ya ndoo. Kuganda nako si ushahidi. Asubuhi za baridi za Julai hapa Arusha, mawese huganda yenyewe bila hidrojeni yoyote. Kwa hiyo soma lebo. Maneno ya kutafuta kwenye bidhaa zilizoandikwa Kiingereza ni "partially hydrogenated". Jihadhari pia na sifuri: Marekani huruhusu kuandika 0 iwapo transi haifiki gramu 0.5 kwa kipimo kimoja cha kuliwa kilichotajwa kwenye lebo.

Je, migahawa ilazimishwe? Ndiyo. Anayenunua mafuta soko la Kilombero anaweza kugeuza ndoo akasoma. Aliyeagiza sambusa stendi ya Moshi hana lebo ya kusoma. New York ilipitisha katazo Desemba 2006: Julai 2007 yakaondoka mafuta ya kukaangia na ya kupaka, na Julai 2008 vyakula vingine vyote, mikate na keki zikiwemo. Waokaji waliongezewa mwaka kwa sababu kazi yao ndiyo ngumu zaidi.

Ila mama lishe hana maabara, na kumtoza faini kwa ndoo aliyouziwa dukani ni uonevu. Denmark ilianzia kwenye bidhaa yenyewe mwaka 2003: transi isizidi gramu 2 katika kila gramu 100 za mafuta. Kwa kiwango hicho, lile andazi lingekuwa na gramu 0.16 tu. Ukaguzi uanzie kiwandani na mipakani, Namanga na Holili, kisha bwana afya akifika jikoni aangalie lebo na risiti.

Mgahawa unaohamia alizeti ujue kwamba alizeti ya kawaida huchoka upesi kwenye karai: hutoa povu, hunata, hunuka. Kaangia kati ya nyuzi 170 na 180, kausha viazi kabla ya kuvitumbukiza, weka chumvi chipsi zikishatoka, chuja mafuta kila siku, na usiongeze mapya juu ya yaliyokwisha kuwa meusi. Kwa keki na vitafunwa vya matabaka, mafuta ya maji hayafai. Unga hulowa na matabaka hayaachani. Hapo tumia siagi halisi au mafuta magumu ya mawese, kwa kiasi, maana nayo hupandisha lehemu mbaya, ingawa hayashushi ile nzuri.